Kuzaliwa, uraia au miezi ya ukaazi: kipimo kipi cha uhamiaji wa kimataifa kinafaa kwa kazi yako?

Katika makazi ya Katumba, mkoani Katavi, waliishi kwa zaidi ya miaka 40 watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walilima, wakajenga, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto na wajukuu ambao Burundi waliijua kwa masimulizi tu. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kuwakabidhi hati za uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na yale ya Mishamo na Ulyankulu. Hakuna aliyefunga mizigo siku aliyopokea hati, wala aliyevuka mpaka. Hata hivyo, kwa mtakwimu anayehesabu wahamiaji kwa kigezo cha uraia, wote hao walitoka kwenye hesabu pale pale. Kwa anayetumia mahali pa kuzaliwa, bibi aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni alikuwa mhamiaji kabla ya hati na amebaki mhamiaji baada ya hati, ilhali mjukuu wake aliyezaliwa Katumba hakuwa mhamiaji hata siku moja. Kwa anayehesabu wakimbizi, bibi na mjukuu walikuwa kundi moja, kwa sababu hadhi ya ukimbizi iliwafuata watoto waliozaliwa makazini, na walipopata uraia wakatoka pamoja.

Ni familia ile ile yenye majibu matatu, na kila jibu ni sahihi kwa swali lake. Anayeandaa taarifa ya halmashauri, tasnifu ya chuo au habari ya gazeti hukuta namba za wahamiaji zikiwa tayari kwenye jedwali, na mara nyingi huzichukua bila kuuliza zilihesabiwaje. Kabla ya kuzitumia anapaswa kuamua mambo matatu: nani ahesabiwe kuwa mhamiaji, akae muda gani ndipo ahesabiwe, na apatikane kwa chombo kipi. Nchi zimeamua mambo haya kwa namna tofauti sana, na tofauti hizo ndizo zinazolinganishwa hapa.

Alizaliwa wapi, au ana pasipoti ya nani?

Umoja wa Mataifa hukadiria idadi ya wahamiaji waliopo duniani kote. Makadirio hayo yalikuwa milioni 281 mwaka 2020 na milioni 304 mwaka 2024. Kipimo kinachopendelewa ni mahali pa kuzaliwa: mhamiaji ni mtu anayeishi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Pale ambapo nchi haina takwimu za kuzaliwa, huchukuliwa idadi ya raia wa kigeni. Kwa hiyo hata namba hiyo moja maarufu ni mchanganyiko wa vipimo viwili. Ndani ya jedwali lake kuna safu ya herufi ambayo wasomaji wengi huiruka: B humaanisha waliozaliwa nje, C humaanisha raia wa kigeni, na R huonyesha kwamba wakimbizi wameongezwa juu yake. Ukilinganisha nchi yenye B na nchi yenye C, unalinganisha kilo na lita.

Marekani imeuliza mahali pa kuzaliwa katika sensa tangu mwaka 1850, na aliyezaliwa nje huendelea kuhesabiwa hivyo hata akishakula kiapo cha uraia. Ujerumani, kwa upande mwingine, kwa muda mrefu iliwahesabu wageni kwa uraia, na hadi mwisho wa mwaka 1999 mtoto wa wazazi wa Kituruki aliyezaliwa Berlin hakuwa Mjerumani kwa kuzaliwa kwake. Alihesabiwa mgeni katika mji ambao hakuwahi kuuhama. Sheria ilibadilika mwaka 2000, na kuanzia mwaka 2005 utafiti wao wa kila mwaka wa kaya ukaanza kutoa kundi la tatu, la watu wenye asili ya uhamiaji, linalojumuisha hata raia ambao wazazi wao walikuwa wageni. Ufaransa inaunganisha vigezo vyote viwili: mhamiaji ni aliyezaliwa nje ya Ufaransa akiwa raia wa kigeni. Aliyezaliwa Algiers na wazazi Wafaransa hayumo, na aliyezaliwa Bamako akiwa raia wa Mali yumo, hata akipata uraia wa Ufaransa kesho yake.

Mfano unaotugusa zaidi uko Oman. Nchi za Ghuba huhesabu kwa uraia, na uraia huko hurithiwa, hautokani na ardhi uliyozaliwa. Sensa ya Oman ya mwaka 2020, ambayo ilifanywa kwa kuunganisha kumbukumbu za kielektroniki za serikali bila makarani kugonga milango, ilipata wakazi wapatao milioni 4.47, na takribani asilimia 39 kati yao walikuwa wageni. Sasa chukua watu wawili wanaoishi mtaa mmoja wa Muscat. Wa kwanza ni mama aliyezaliwa Unguja, akakulia kwenye Kiswahili, na akaenda Oman miaka ya 1970 baada ya Sultani Qaboos kufungua mlango kwa Waomani waliokuwa ng'ambo. Wa pili ni kijana aliyezaliwa hospitali ya Muscat na wazazi waliotoka Kerala, India. Kwa kipimo cha Oman, mama huyo ni mwenyeji na kijana ni mgeni. Kwa kipimo cha Marekani ingekuwa kinyume kabisa. Mama ndiye aliyevuka bahari, kijana hajavuka chochote; lakini kijana ndiye ambaye ukaazi wake unategemea kibali kinachoweza kuisha.

Hapo ndipo nguvu na udhaifu wa kila kipimo unapoonekana. Mahali pa kuzaliwa hapabadiliki, kwa hiyo panafaa kupima watu waliohama kweli. Uraia hubadilika, lakini ndio unaoamua nani anapiga kura, nani anahitaji kibali cha kazi na nani anaweza kurudishwa mpakani. Ukitaka kujua historia ya mwendo wa watu, uliza kuzaliwa. Ukitaka kujua haki walizonazo leo, uliza uraia. Nchi inayouliza swali moja tu kati ya hayo inajinyima nusu ya habari, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kutosha ya kufanya hivyo, kwa kuwa kila swali huongeza mstari mmoja tu kwenye dodoso.

Kuzaliwa nako kuna mitego yake. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mamilioni ya watu waliokuwa wamehama kutoka jamhuri moja kwenda nyingine ndani ya nchi moja waliamka wakiwa wahamiaji wa kimataifa bila kuinuka kitandani. Kwetu mtego ni mdogo zaidi lakini ni wa kila siku. Mama wa upande mmoja wa mpaka akijifungulia katika hospitali iliyo upande wa pili, kwa sababu ndiyo iliyo karibu, kisha akarudi kwake baada ya siku tatu, mtoto wake ataandikwa maisha yake yote kuwa amezaliwa nje. Ndiyo maana katika maeneo ya mpakani ni vyema kuuliza mama aliishi wapi wakati wa kujifungua, badala ya kuuliza jengo alilojifungulia.

Miezi mitatu, sita au kumi na miwili

Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 yaliweka mwaka mmoja kuwa mpaka. Anayehamisha makazi yake ya kawaida kwenda nchi nyingine kwa angalau miezi 12 ni mhamiaji wa muda mrefu. Anayekaa kuanzia miezi 3 lakini chini ya mwaka ni wa muda mfupi, isipokuwa kama amekwenda likizo, kutembelea ndugu, kwa biashara, kwa matibabu au kwa hija. Mwaka 2021 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mfumo mpya wa dhana unaoweka uhamiaji ndani ya picha pana zaidi ya mwendo wa watu, lakini msingi wa makazi ya kawaida umebaki.

Mapendekezo si amri. Norway huhesabu anayekusudia kukaa angalau miezi 6, Sweden mwaka mmoja, na Ujerumani huhesabu kila anayejiandikisha katika ofisi ya wakazi ya manispaa, hata kama ataondoka baada ya muda mfupi. Poland kwa miaka mingi ilimhesabu kuwa amehama yule tu aliyejiondoa kwenye orodha ya wakazi kwa nia ya kuondoka moja kwa moja, jambo ambalo watu wachache hulifanya. Matokeo yake ni kwamba, katika miaka inayouzunguka mwaka 2004, Ujerumani ilikuwa ikiandika kwa mwaka watu zaidi ya 100,000 waliofika kutoka Poland, wakati Poland ikiandika kwamba waliokwenda Ujerumani hawafiki 30,000. Ni barabara ile ile na mabasi yale yale. Hakuna ofisi iliyodanganya; moja ilikuwa ikihesabu waliobisha hodi, nyingine ikihesabu walioaga.

Tofauti kubwa kuliko idadi ya miezi, na ambayo huandikwa kwa maandishi madogo, ni kati ya nia na tendo. Uingereza ilitegemea kwa miongo mingi utafiti wa abiria ulioanza mwaka 1961. Wasaili walisimama viwanjani na bandarini, wakawasimamisha abiria wachache kati ya wengi na kuwauliza wanakusudia kukaa muda gani. Wengi wa walioulizwa walikuwa watalii na wafanyabiashara, kwa hiyo makadirio ya wahamiaji wa taifa zima yalisimama juu ya majibu ya watu wachache. Baada ya nchi za Ulaya Mashariki kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wageni wengi walipitia viwanja vidogo ambako utafiti huo haukuwa na nguvu. Sensa ya mwaka 2011 ilipofanyika, England na Wales zilikutwa na watu 464,000 zaidi ya makadirio, na ofisi ya takwimu ililazimika kuongeza 346,000 kwenye tofauti ya walioingia na waliotoka kwa muongo huo. Utafiti ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, na kipimo kikahamia kwenye kumbukumbu za kodi, mafao na viza, yaani kutoka kwenye kile ambacho mtu alisema atafanya kwenda kwenye kile alichofanya.

Njia mpya ina ukweli zaidi, lakini inadai subira. Kwa mwaka ulioishia Juni 2023, tofauti ya walioingia na waliotoka ilitangazwa kwanza kuwa 672,000, ikasahihishwa kuwa 740,000, kisha 906,000, kadiri kumbukumbu zilivyokamilika na kuonyesha nani amebaki na nani ameondoka. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kugombana juu ya namba ya kwanza kabla ya ile ya tatu kutoka. Mwandishi anayenukuu takwimu mpya ya Uingereza bila kusema kwamba ni ya awali anamwonea msomaji wake.

Australia imelitatua jambo hili kwa kanuni ambayo mimi naiona bora kuliko zote nilizozisoma. Tangu mwaka 2006 inamhesabu mtu kuwa amehamia akikaa nchini jumla ya miezi 12 ndani ya kipindi cha miezi 16, hata kama siku hizo hazikufuatana. Mwanafunzi kutoka Nairobi anayesoma Melbourne akirudi nyumbani wiki sita za likizo hapotezi hesabu yake, ambapo kwa kanuni ya miezi 12 mfululizo angeanza upya kila Desemba na asingehesabiwa hata kidogo. Nchi hiyo inaweza kufanya hivi kwa sababu ni kisiwa, kila anayeingia na kutoka hukaguliwa pasipoti, na safari zake huunganishwa kwa mashine. Kadi ya kuondoka iliyojazwa kwa mkono ilifutwa mwaka 2017. New Zealand ilifuata njia hiyo hiyo na kufuta kadi zake za kuondoka mwaka 2018. Gharama ni kusubiri, kwa kuwa namba ya mwisho haiwezi kupatikana kabla ya miezi hiyo 16 kutimia.

Dodoso, daftari na muhuri

Kanuni ya Australia haiwezi kuhamishiwa Namanga. Pale mama muuza nyanya anavuka asubuhi, anarudi jioni, na anavuka tena keshokutwa. Akipitia dirishani, kila safari ni muhuri au mstari mwingine kwenye mfumo, na akikatiza njia za panya hakuna kinachoandikwa. Wafugaji wa Kimaasai wanafuata majani pande zote mbili kama walivyofanya kabla mpaka haujachorwa. Kumbukumbu za mpakani huhesabu safari, na bila kuunganisha safari za mtu mmoja kwa namba yake ya utambulisho, hazisemi chochote kuhusu nani amehamia. Nimeona taarifa zikichukua idadi ya walioingia, zikatoa idadi ya waliotoka, na kuiita tofauti hiyo uhamiaji. Katika mpaka wa nchi kavu wenye vivuko visivyo rasmi, tofauti hiyo hupima zaidi wapi watu hupenda kugongewa muhuri.

Daftari la wakazi la nchi za Ulaya ni chombo kizuri kwa upande wa kuingia na dhaifu kwa upande wa kutoka. Mtu hujiandikisha Ujerumani kwa sababu bila cheti hicho maisha humwia magumu, tangu benki hadi kazini. Anapoondoka hakuna kinachomsukuma kwenda kuaga. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 1.5 pungufu ya ilivyoamini, na takribani milioni 1.1 kati ya hao waliokosekana walikuwa wageni waliobaki kwenye vitabu baada ya kuondoka. Nchi za Kaskazini mwa Ulaya zimepunguza tatizo hili kwa kukubaliana wapeane taarifa: anayejiandikisha Oslo huondolewa Stockholm. Hispania huwaandikisha hata wasio na kibali, jambo linaloifanya hesabu yao iwe pana kuliko ya majirani, lakini tangu sheria ya mwaka 2003 raia wa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya wasio na ukaazi wa kudumu hutakiwa kuthibitisha uandikishaji wao kila baada ya miaka miwili, wasipofanya hivyo hufutwa.

Kwa Afrika Mashariki sensa ndiyo mhimili. Ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu 47,564,296. Karani huketi kwenye kigoda uani, anamuuliza mkuu wa kaya nani walilala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa, kisha anapitia kila jina: alizaliwa wapi, anaishi wapi kwa kawaida, ni raia wa nchi gani. Maswali hayo matatu yakiulizwa vizuri yanampa mtafiti karibu kila kitu anachohitaji kuhusu wahamiaji waliopo. Lakini majibu yanamtegemea mtu anayejua kwamba jirani anasikiliza. Asiye na kibali ana kila sababu ya kutaja wilaya ya karibu kuwa ndiko alikozaliwa, na hakuna karani anayeweza au anayepaswa kumbana.

Kuhusu waliotoka, dodoso huuliza kama kuna mwanakaya aliyekwenda kuishi nje. Swali hilo hufanya kazi ikiwa kuna aliyebaki wa kujibu. Familia iliyofunga mlango na kuondoka yote haipo, na hakuna wa kuitaja. Marekani yenyewe, pamoja na uwezo wake wote, iliacha kukusanya takwimu za wanaohama kutoka kwake mwaka 1957 na tangu hapo hukadiria.

Vibali vya ukaazi ni chanzo cha nne. Tanzania ina daraja A la wawekezaji, B la walioajiriwa na C la wengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti na wamisionari. Vinatoka kila mwezi na vinaonyesha mabadiliko mapema kuliko sensa, lakini vinahesabu karatasi: anayehuisha anaweza kuonekana mara mbili, na wakimbizi wana kumbukumbu zao tofauti.

Kwa kazi ipi, kipimo kipi

Ofisa mipango wa wilaya iliyo mkoani Kigoma au Kagera anayetafuta idadi ya madarasa na vitanda vya zahanati asihangaike na uraia wala kuzaliwa. Anahitaji wakazi wa kawaida wote, na kwa hilo sensa pamoja na kumbukumbu za kambi za wakimbizi kama Nyarugusu zinatosha, mradi ahakikishe kwanza kama sensa imekwisha kuwajumuisha walio kambini, asije akawahesabu mara mbili.

Anayefuatilia soko la ajira mwaka hadi mwaka achukue vibali, na asiviite idadi ya wahamiaji. Anayelinganisha nchi na nchi atumie kuzaliwa pekee, aziache kando nchi zenye herufi C, na kwa mtiririko, yaani idadi ya wanaoingia na kutoka kwa mwaka, achukue takwimu za nchi ya kufikia kuliko za nchi ya kuondokea, kwa sababu ile iliyoonekana kati ya Poland na Ujerumani: watu hujiandikisha wanapohitaji kitu. Anayeandika juu ya haki za watu, hasa katika Ghuba, atumie uraia, na aeleze wazi kwamba wageni wake wengine hawajawahi kuishi kwingine.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya anayetaka kujua idadi ya Watanzania au Wakenya walioko ughaibuni, na hapa ushauri wangu unakwenda kinyume na mazoea. Wengi huchukua sensa ya England na Wales na kusoma mstari wa waliozaliwa Kenya. Mstari huo umejaa watu wenye asili ya Kiasia walioondoka Kenya kwa wingi mwaka 1967 na 1968, wakikimbilia kuwahi kabla Bunge la Uingereza halijawafungia mlango kwa sheria ya mwaka 1968, ingawa wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza tangu mwanzo. Wamezaliwa Nairobi na Mombasa, na kumbukumbu zao za nyumbani ni za kweli, lakini hesabu yao haimsaidii anayekadiria wauguzi na wanafunzi walioondoka miaka hii. Ukikimbilia pasipoti unaanguka upande wa pili: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa Moshi, anayetuma fedha kwa mama yake kila mwezi na aliyechukua uraia wa Uingereza mwaka jana, anatoweka kwenye orodha ya Watanzania. Njia inayofaa ni kuchukua hesabu ya mahali pa kuzaliwa na kuigawa kwa mwaka wa kuwasili, ambao sensa hiyo huuliza, kisha kutenganisha waliofika kabla ya katikati ya miaka ya 1970 na waliofika baadaye. Inachukua jioni moja ya kazi, na namba inayotoka humuonyesha muuguzi wa Moshi mahali alipo.